Picha Isikonde Njiani: Kutoka Simuni Hadi Kwenye Kompyuta

Bi mmoja wa Kuze, hapa Mombasa, aliniletea picha ya marehemu babake wiki moja baada ya arubaini. Alitaka niitoe kubwa, inchi 12 kwa 16, itiwe fremu itundikwe ukumbini. Mzee alikuwa nahodha wa majahazi, na katika picha hiyo amekaa barazani na kanzu yake, kichwani kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu vidogo vidogo ambavyo mshonaji huvihangaikia kwa miezi. Picha iko wapi? Simuni. Nitumie basi. Akanitumia palepale kwa WhatsApp. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuivuta ifike ukubwa anaoutaka, kofia ikawa uji. Vitundu vyote vimeyeyuka, na macho ya mzee yamebaki madoa mawili ya kahawia.

"Simu yangu mbovu?" akaniuliza.

Simu yake haikuwa na kosa. Hata hivyo picha hiyo hakuipiga yeye. Ilikuwa imemfikia kupitia kundi la ukoo, na kabla ya hapo ilikuwa imepita kundi la msibani.

Nina kiduka cha picha Mwembe Tayari, ghorofa ya kwanza, juu ya muuza magodoro. Nilikirithi kwa babangu, aliyekianzisha zama za filamu, na kile kilichokuwa chumba cha giza sasa ndimo ninamoweka karatasi na wino. Napiga picha harusi za wanawake, na siku zisizo na harusi nachapisha picha ambazo watu wamejipigia wenyewe. Hizi za pili ndizo hunitia uchungu, maana kila siku napokea picha zilizozaliwa nzima zikaharibiwa njiani. Haya nitakayoyaeleza ndiyo ninayowaeleza wateja kaunta, ila kule sauti yangu hushindana na honi za matatu.

Baba alikuwa akimpa mteja picha, na negativu, ile filamu yenyewe iliyotoka kamerani, akaitia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Ukirudi baada ya miaka kumi kutaka nakala, ilitolewa kwenye negativu. Hakuna aliyepiga picha ya picha iliyo ukutani. Katika simu, negativu ni lile faili la kwanza ambalo kamera iliandika. Faili hilo likinakiliwa kama lilivyo, hata mara elfu, halipungui kitu, kwa sababu kompyuta inanakili namba tu. Linalopunguza ubora ni programu kulifungua, kuipika picha upya iwe nyepesi, kisha kukukabidhi faili jingine lenye sura ileile. Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja naiuliza swali moja: hapa mzigo unabebwa ukiwa umefungwa, au kuna mtu njiani anayeufungua?

Tazama namba, usitazame sura

Kioo cha simu ni kidogo na kinang'aa, kinasitiri aibu nyingi. Picha nzima na picha iliyoharibika zinafanana humo. Tazama mambo mawili: vipimo vya picha kwa pikseli, vile vidoti vya rangi vinavyoiunda, na uzito wa faili. Kwenye simu nyingi unafungua picha na kuivuta juu kwa kidole, au unagusa alama ya herufi i iliyo ndani ya duara. Kwenye kompyuta ya Windows unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua Properties, halafu Details.

Simu nyingi tulizonazo hutoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000. Hata ile iliyoandikwa 50 mgongoni kwa kawaida hutoa 12 na kidogo, kwa sababu hukusanya vidoti vinne kuwa kimoja usipoiamuru vingine. Faili lake huwa na MB 3, 4, pengine 5. Picha ya nahodha iliyonifikia ilikuwa pikseli 1200 kwa 1600, uzito KB 169, haifiki hata robo ya MB moja.

Karatasi ya picha hupendeza ikipata vidoti 300 katika kila inchi, na kwa picha ya ukutani inayotazamwa kwa mbali, 200 na kitu zinatosha. Pikseli 1200 zikitandazwa kwenye inchi 12 ni vidoti 100 kwa inchi. Picha hiyohiyo kama ilivyotoka kamerani, 3000 kwa 4000, ingetoa 250. Hesabu hiyo naifanya kwa kalamu mbele ya mteja, nyuma ya risiti, na mara nyingi ndiyo humaliza ubishi.

Jina la faili nalo husema. Kwenye Android, picha iliyohifadhiwa kutoka WhatsApp hupewa jina kama IMG-20240310-WA0007. Hizo herufi WA ni mhuri wa njiani. Faili la kamera halina WA. Huwa na tarehe na saa, kwa mfano 20240310_163512 au IMG_20240310_163512. Mteja akiniapia kwamba aliyonayo ndiyo ya kwanza kabisa, mimi namwonyesha WA yake, tunacheka, kisha tunaanza kutafuta.

Na kwa nini kofia iliumia zaidi kuliko kanzu? JPEG, mtindo wa kuhifadhi picha uliowekwa kuwa kanuni mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Katika kila kipande huhifadhi mabadiliko makubwa ya mwanga na kutupa yale madogo ambayo jicho huyaona kwa shida. Kanzu nyeupe haina mengi ya kutupwa. Kofia ya vito ni tundu, uzi, tundu, uzi, mabadiliko madogo matupu. Mwanzo WhatsApp ilipunguza pikseli zikabaki kama moja ya sita, halafu ikabana kilichobaki. Nywele, mchanga wa Bamburi, maandishi ya leso, makuti ya paa, hivyo ndivyo hufa mapema. Na kila programu inayofungua JPEG na kuihifadhi upya hutupa tena kidogo. Kuizungusha, kuikata pembeni, kuitia kichujio cha rangi, yote hayo fanya baada ya faili la kwanza kufika kwenye kompyuta, tena kwenye nakala.

Hapo niseme na hawa wanaopiga picha ya kioo. Unafungua picha, unabana vitufe viwili, unaniletea hiyo. Umenakili kioo chako, chenye upana wa pikseli 1080 pengine, na asilimia ya betri juu. Nimeshamchapisha bibi harusi mwenye betri asilimia 14 kichwani. Mwenyewe hakuona mpaka fremu ilipofika nyumbani.

Waya

Waya ndio njia yangu. Hauli bando, haujali mtandao, na mzigo unapita umefungwa.

Kizuizi cha kwanza ni waya wenyewe. Nyaya nyingi za bei ndogo zinazouzwa pembezoni mwa barabara zina nyuzi za umeme tu; za kupitisha data hazimo. Simu itaanza kuchaji, kompyuta itakaa kimya, na mtu atasema kompyuta imeharibika. Jaribu waya uliokuja na simu. Mimi nimefunga uzi mwekundu kwenye nyaya mbili ninazoziamini, na mtu akiazima asiurudishe, nitamfuata mpaka kwake.

Kizuizi cha pili ni tundu la simu. Huku pwani tuna chumvi hewani, jasho, mchanga, na vumbi la mifukoni. Pamba hujikusanya ndani, plagi haiingii mpaka mwisho. Nguvu za kuchaji zinapita lakini data inakatika katikati. Zima simu, chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, toa uchafu polepole ukipitia pembeni. Usitumie sindano. Simu ikikwambia ina unyevu, iache ikauke kwa hewa. Habari za kuitia kwenye mchele ziache, zinaongeza unga ndani ya tundu.

Sasa chomeka. Android kwa kawaida huanza kwa kuchaji tu. Fungua kioo cha simu, shusha pazia la juu kwa kidole, gusa pale panaposema inachaji kwa USB, halafu chagua kuhamisha mafaili, File transfer. Kwenye kompyuta fungua This PC, utaiona simu kama diski nyingine. Ingia hifadhi ya ndani, tafuta folda ya DCIM, ndani yake Camera. Humo ndimo zilimo negativu zako. Picha za WhatsApp hukaa kwingine kabisa, kwenye folda yenye jina lake, kwa hivyo ukichukua za DCIM umeshaepuka nusu ya balaa.

Nakili, usikate. Watu wenye haraka hukata na kubandika, waya ukitikisika katikati picha haiko huku wala kule. Tengeneza folda kwenye diski ya kompyuta, nakili humo, subiri imalize, kisha hesabu: simuni mafaili 412, kompyutani mafaili 412. Fungua matatu manne ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho uyavute makubwa. Hapo ndipo unaweza kufikiria kufuta simuni, na mimi hata hapo hungoja siku mbili.

Mwenye Mac ajue kwamba kompyuta hiyo haiioni Android yenyewe kwa waya. Anahitaji programu ya kati. OpenMTP ni ya bure na inafanya kazi.

Wenye iPhone

iPhone ina mitego yake miwili.

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizi huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao kwa ubora uleule huchukua nafasi ndogo kuliko JPEG. Ukichomeka kwenye Windows, simu inaweza kuamua kukusaidia: inazigeuza picha kuwa JPEG zikiwa njiani. Yaani mzigo unafunguliwa. Hasara yake si kubwa kama ya WhatsApp, ila pia ndiyo sababu kazi hukwama katikati na kompyuta kulalamika kuwa kifaa hakifanyi kazi. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Photos, shuka mpaka chini kabisa panaposema Transfer to Mac or PC, uchague Keep Originals. Kwenye iOS mpya utapitia kwanza Apps ndipo uione Photos. Picha zitafika zikiwa HEIC, na Windows ikishindwa kuzifungua, weka programu-jalizi ya HEIF kutoka duka la Microsoft. Ukihitaji JPEG kwa ajili ya mchapishaji asiyezijua, geuza nakala, ile HEIC uibakishe.

Kama hutaki kabisa habari za HEIC, nenda mipangilio ya Camera, Formats, uchague Most Compatible. Kuanzia hapo simu itapiga JPEG. Picha za zamani hazibadiliki.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Ukiwa umewasha iCloud na ile hali ya kuokoa nafasi, Optimize iPhone Storage, basi picha nyingi simuni ni vivuli. Nzima ziko iCloud. Bibi harusi mmoja wa Tudor alichomeka simu dukani kwangu akiwa na picha elfu tatu kwenye kioo, kompyuta ikaona mia mbili na ushei. Alikaribia kulia. Picha zilikuwapo, ila hazikuwa simuni. Hapo unafungua iCloud kwenye kivinjari cha kompyuta, unateua picha na kupakua, ukiitaka ile isiyobadilishwa. Kwa Mac, AirDrop inatosha, na ndani ya chaguo zake kuna la kutuma data yote ya picha, liwashe.

Ukichomeka mara ya kwanza, simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hii. Kwenye kompyuta yako sema ndiyo. Kwenye kompyuta ya sayba, fikiri mara mbili.

Ukikosa waya

Watu wengi hudhani Wi-Fi ni sawa na bando. Simu na kompyuta zikiwa kwenye ruta moja, au kompyuta ikiwa imeshika hotspoti ya simu, mafaili yanaweza kupita kati yao bila kwenda nje, na bando halikatwi. Quick Share ya Android ina programu yake ya Windows. LocalSend ni ya bure, inakubali simu zote na kompyuta zote, na ndiyo ninayowawekea wateja. Zote mbili hubeba faili kama lilivyo. Bluetooth nayo hubeba faili zima, ila kwa mwendo wa kobe: picha moja ya MB 4 unaweza kuingoja sekunde ishirini. Picha 600 za harusi zitakuweka saa tatu na zaidi, umeme usipokatika kabla.

Kadi ndogo ya kumbukumbu, kama simu yako inayo na picha zimehifadhiwa humo, itoe uitie kwenye kisoma kadi. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Pole kwa wenye simu mpya, wameinyimwa.

Flashi ya pande mbili, yenye kichwa cha simu na cha kompyuta, ni nzuri pia. Lakini angalia unaponunua. Kuna flashi zimeandikwa GB 512 kwa bei ya sahani ya pilau. Ndani zina GB 8, na zimedanganywa kusema zina 512. Zikijaa zinaendelea kupokea, na kila kinachoingia baada ya hapo kinapotea huku jina lake likionekana. Jaza flashi mpya yote kwa mafaili usiyoyahitaji, uyafungue, ndipo uiamini. Na uitoe kwa utaratibu kupitia kompyuta kabla ya kuichomoa.

Kama lazima WhatsApp

Najua ndugu yuko Muscat na hawezi kuleta waya. Ukigusa alama ya kiambatisho usichague picha. Chagua Document, kisha utafute picha hiyohiyo humo. Ikitumwa hivyo, WhatsApp huibeba kama inavyobeba PDF: haiipimi, haiibani, jina na tarehe hubaki. Kiwango chake ni GB 2 kwa faili moja, hakuna picha ya simu itakayofika huko. Anayepokea ataona jina la faili badala ya picha nzuri, naye ataiona si kitu. Mwambie aipakue kwenye kompyuta kupitia WhatsApp ya kompyuta.

Ile alama ya HD iliyoletwa mwaka 2023 ni bora kuliko kawaida, nami siidharau kwa kutazama tu. Hata hivyo bado inabana. Ukisikia fundi anasema "tuma HD inatosha", muulize karatasi yake ina upana gani.

Telegram ni mkasa uleule: ukituma kama picha inabanwa, ukituma kama faili inafika nzima. Barua pepe hubeba faili bila kuligusa, ila Gmail haitumi zaidi ya MB 25 kwa barua, na iPhone itakuuliza ukubwa gani upelekwe. Chagua Actual Size, ukichagua Small umeniletea stempu ya posta.

Wingu

Google Photos ina hali mbili za kuhifadhi. Original quality huweka faili kama lilivyo. Storage saver hulibana upya, na picha iliyozidi megapikseli 16 hupunguzwa mpaka 16. Picha ya 12 haitapungua pikseli, lakini imepikwa tena. Tangu Juni 2021 zote hula ile GB 15 ya bure. Wengi wetu tuko kwenye Storage saver kwa sababu siku ya kwanza tulibonyeza kila kilichokuwa na rangi ya buluu.

Jambo linaloniogopesha huko ni kile kitufe cha kuachia nafasi. Simu imejaa, programu inakwambia kwa upole kwamba picha hizi ziko salama, nikufutie za simuni? Unakubali. Kama hali yako ilikuwa ya kubana, basi umetupa negativu ukabaki na nakala, tena kwa hiari yako. Nakili kwa waya kwanza. Halafu ubonyeze utakacho.

Picha zisizotakiwa kuonekana

Hili halihusu pikseli, lakini siwezi kulipita, kwa kazi yangu. Kwenye harusi zetu za wanawake bibi harusi amevuliwa buibui, amepambwa, piko mkononi mpaka kiwikoni, na mashoga zake wamejiachia. Mara nyingi simu hukusanywa mlangoni. Halafu wiki ya pili nduguye anaingia sayba na simu iliyopenya, anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya watu, anapakua, anachapisha, anaondoka. Nyuma yake kumebaki folda ya Downloads yenye picha zote, na WhatsApp bado iko wazi.

Kwa hivyo ukihamisha kwenye kompyuta isiyo yako: peleka moja kwa moja kwenye flashi yako, usipitishe kwenye Desktop ya kompyuta. Ukipakua kitu, kifute na umwage pipa la taka. Ondoka kwenye WhatsApp, kisha uthibitishe kwenye simu yako katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi wateja wangu nawafutia mbele ya macho yao, na ambaye hataki nishike simu yake namwachia kiti akae yeye kwenye kompyuta.

Jua pia kwamba faili zima hubeba habari zake: saa, aina ya simu, na kama ulikuwa umewasha mahali, ramani ya nyumba yako. WhatsApp ikituma kama picha huzivua habari hizo. Ukituma kama Document zinasafiri nazo. Kwa mchapishaji haidhuru. Kwa mtu usiyemjua, zizime.

Turudi kwa nahodha. Bi alikuwa amesikia kuna programu za kuongeza ubora, akaniomba nijaribu. Nilijaribu. Ilimpa mzee kope ndefu na ngozi laini ya kijana, na kofia ikapata maua ambayo hakuna mshonaji wa Mombasa aliyewahi kuyashona. Alitazama kimya, kisha akasema, "Huyu siye baba."

Tukakaa kuuliza nani aliipiga. Yeye akampigia dadake, dadake akampigia mwanawe aliyeko Likoni. Kijana akakumbuka: siku ya Idi, kwa simu yake ya zamani, ile iliyovunjika kioo. Simu iko? Iko kwenye droo. Alivuka kwa feri siku ya pili akaileta imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kuchaji ilichukua saa nzima. Tundu lilikuwa na mchanga na nyuzi za jinzi. Nikachokoa, waya wangu wenye uzi mwekundu ukaingia, kioo kilichopasuka kikakubali kuguswa upande mmoja tu, ambao kwa bahati ndio wenye kitufe cha kuhamisha mafaili.

DCIM, Camera. Pikseli 3000 kwa 4000, MB 4.3, jina halina WA. Nilinakili mara mbili, kwenye diski na kwenye flashi ya Bi, kabla hata hatujaifungua. Tulipoivuta, vitundu vya kofia vilikuwapo kimoja kimoja, na pembeni ya kimoja uzi umechomoza. Bi akaugusa kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole. Alikumbuka kuwa mamake alikuwa akimwambia mzee kila Ijumaa aukate.

Nikaichapisha inchi 12 kwa 16. Akilipa, akaniambia, "Basi nirushie na WhatsApp niwaonyeshe wenzangu." Nikamrushia, kama Document, na baada ya dakika tano akapiga simu kutoka kwenye tuktuk kuuliza mbona picha haionekani, limekuja jina tu.